Mipira Minne Aliyoiacha

Kaka Eusebio,

Nyumbani hamjambo? Mimi mzima, ila huku Iowa wali wao ni uji mtupu.

Nasikia umeshanunua mbuzi wa kumshangilia mwanao Wilkin kwa mipira mitatu aliyoipiga ikatoka nje ya uwanja. Mwache mbuzi ale majani kwanza. Kazi yangu ni kuiambia timu ya besiboli ni nani kati ya wapigaji wapya atakayedumu miaka kumi, na Wilkin anapiga kila kinachopita, hata nzi. Nikimgombeza ananijibu, "Baba mdogo, kwetu Baní nani alisajiliwa kwa kuacha mpira upite?"

Kweli, kaka. Lakini wewe pia ulipiga hivyohivyo, ukarudishwa nyumbani kabla msimu haujaisha. Nisamehe kwa kulitaja.

Jumatatu niliandika kwenye ripoti, "Arudishwe." Jana, kabla sijaituma, mrushaji akamtupia mipira minne mibovu, ya nje ya shabaha lakini yote ya kutamanisha. Wilkin akatulia kama anayesubiri basi, akaiacha yote ipite, na kwa sheria akapewa kituo cha kwanza bure. Nikasimama peke yangu, nikapiga makofi mpaka kofia ikaanguka.

"Keti bwana, baba mdogo, unaniaibisha!" akapiga kelele, huku anacheka.

Ile ripoti nimeichana. Chinja mbuzi.

Mdogo wako,
Rafelito