Pale Anapocheka

Rosettenville, Johannesburg

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Uvimbe umeshuka, au bado anajifanya mzima mbele ya wageni? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio umeshtuka, na nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe uliyeniambukiza ugonjwa huu wa kuangalia maiti kwenye televisheni.

Unanijua. Filamu za kutisha kwangu ni vichekesho. Mtu anasikia mlio chini ya nyumba, taa zimezimika, naye anateremka na mshumaa akiuliza nani huko. Kwetu Tanga angeshafika kwa jirani, kanga mkononi. Mimi nilitaka vile vipindi vya mauaji ya kweli. Humo nilikuwa bingwa: kabla ya matangazo nishamtaja muuaji, na mara nyingi ni yule anayelia kuliko wafiwa.

Jumapili hukaa nami Mama Nadine, fundi cherehani, Mkongomani wa Bukavu, tumepanga ua mmoja. Nilijua alifiwa na binti yake huko Troyeville, mtaa mwingine wa jiji hili, kabla sijahamia hapa. Sikuuliza kilichomuua, mtu haulizwi hayo. Huja na ushonaji wake, macho kwenye pindo, mimi kwenye televisheni nikibwabwaja.

Jumapili iliyopita kipindi kilianza nikiwa jikoni namimina chai. Niliporudi, msichana mwigizaji alikuwa anakaanga mandazi, simu sikioni, anacheka mpaka kichwa kinaenda nyuma. Mlango ukagongwa. Akafuta mikono, akaenda kufungua. Nikaanza yangu: eish, mtoto mjinga huyu, usiku wote huu anamfungulia mwanamume! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Dada, nilisema hivyo. Kwa kinywa changu hiki.

Mama Nadine akaweka sindano chini. "Alikuwa anamujua," akasema. "Ni yeye alikuwa anataka kumuoa."

Nilidhani kipindi ameshakiona. Kumbe nilipokuwa jikoni walionyesha picha ya marehemu mwenyewe, na ni Nadine wake. Hakuna aliyempigia simu kumwambia. Wamechukua msiba wake wakautia muziki, nami nimeukalia kitako na kikombe cha chai. Nikashika rimoti nizime, huku namwomba radhi. Akanizuia mkono.

Alitaka nirudishe nyuma, pale msichana anapocheka. Nikarudisha. Akasogeza kiti karibu. Akaniambia yule mwigizaji hana mwanya, na Nadine alikuwa nao, akiuonea haya. Kwetu sisi mwanya ni urembo, lakini yeye picha zote za kwenye simu ya mama yake amefumba mdomo. Ila hilo cheko wamelipatia, akasema, sijui nani aliwaambia. Nikarudisha tena, na tena. Kila mlango ulipokaribia kugongwa alinigusa nisimamishe. Mwisho akasema, "Zima hapa. Hapa angali muzima."

Nikazima. Akaokota sindano yake, akarudi kwenye pindo.

Tangu siku ile sijaiwasha, hata kwa taarifa ya habari. Hao watu wa kipindi nina hasira nao, lakini ninachokiogopa zaidi ni mdomo wangu. Yeye ameshanisamehe. Jana kaniletea gauni alilonipunguzia, hataki kusikia habari ya radhi. Mimi ndiye bado namkwepa uani.

Nisalimie Mama, na umkande mguu hata akikataa. Shemeji, mumeo, mpe salamu na umwambie zile filamu zake za kutisha asinitumie tena. Mjomba wetu muadhini mwombe amtie Nadine kwenye dua, asiulize dini yake.

Na mwanao Riziki, yule anayeziba mdomo kwa kiganja kila akicheka, ana mwanya kama wa marehemu bibi. Siku akijisahau, mrekodi kwa simu asijue. Usimkatishe. Mwache acheke mpaka amalize mwenyewe, halafu uitunze hiyo video.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura