Aliyekaa Kulia Kwako

Tarehe 3 Februari

Wifi,

Hujambo? Kaka naye hajambo, na kile kikohozi chake cha kila akiamka kimekwisha? Sisi huku wazima. Mama anawasalimu, anasema kama mmeamua kuhama dunia mngemwachia hata anwani.

Nakuandikia kwa jambo moja. Ule ulimwengu wetu wa mchezo wa dadu na kusimulia, tuliouanza bwenini, nimeufufua. Tunacheza kila Jumamosi nikishafunga duka la kuchapa, kwenye chumba cha nyuma, kati ya mashine ya kukatia karatasi na maboksi ya wino. Mimi ndiye mwendesha mchezo, nasimulia mikasa na wao wanaamua wahusika wao wafanye nini. Wachezaji ni kinyozi wa mlango wa pili, mwalimu wa hesabu anayekuja kuchapa mitihani, na mama wa duka la vitambaa. Huyu mama kagoma kuitwa mchawi hata kwa mchezo, anasema ana wajukuu. Kwa hiyo wachawi wote sasa wanaitwa mafundi.

Nimewatengenezea utaratibu mpya wa nguvu. Kila fundi ana pumzi kumi na mbili kwa siku. Kuwasha moto ni pumzi moja, kuponya jeraha mbili, kutoonekana nne. Zikiisha, anazimia. Naupenda utaratibu huu kuliko shahada yangu.

Tatizo ni sheria yako. Unakumbuka tulikubaliana kila mmoja awe na sheria moja ambayo mwenzake haruhusiwi kuifuta. Yako ni ile: fundi hawezi kutumia nguvu mpaka aliyekaa kulia kwake akubali. Bwenini tulikuwa wawili, haikusumbua. Sasa inaniharibia mchezo. Jumamosi iliyopita mwalimu alitaka kuligandisha joka, na kinyozi, aliyekaa kulia kwake, akasema, "Nakubali, ila kwanza ukiri kwamba timu yako haijui mpira." Mwalimu akakataa kukiri. Joka lilikula kijiji kizima wakibishana.

Naomba ruhusa ya kuifuta.

Wifi yako


Tarehe 19 Februari

Wifi yangu Mwanasheria,

Mimi mzima, kaka yako mzima, kikohozi kipo na kinakusalimia. Ahsante kwa kuuliza. Tangu harusi hujaniuliza hali. Leo umeniuliza, na hata pumzi hujavuta umeshahamia kwenye hali ya sheria.

Barua yako nimeisomea kazini, nyuma ya mashine ya kusugulia vioo vya miwani, mpaka bosi akauliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia wifi yangu ana joka.

Jibu ni hapana.

Halafu hizo pumzi zako zina tundu la kupita lori. Kumi na mbili kwa siku, na siku inaanza lini? Fundi wangu atazimaliza zote siku ikikaribia kugeuka, kisha apewe nyingine hapo hapo. Atauteka mji wako kabla walinzi hawajavaa viatu. Na nikimponya mtu ambaye hajaumia, anakuwa mzima zaidi? Nifafanulie.

Wifi yako asiyefutika


Tarehe 8 Machi

Wifi,

Natumaini mko salama, na kikohozi kimepata adabu. Huku tuko vizuri, Mama kabadilisha miwani na sasa anaona vumbi langu lote.

Siku inaanza fundi anapoamka baada ya usingizi kamili, na usingizi kamili ni mmoja tu kabla jua halijachomoza tena. Najua ulitaka kulala mchana, nimeshaziba. Asiyeumia akiponywa anapata kwikwi. Nilikaa na maswali yako mpaka nikachapa kadi za harusi ya mteja kichwa chini. Nimezirudia zote, na sijafurahi hivyo kwa muda mrefu.

Sasa sikiliza. Jumamosi tulicheza bila sheria yako. Kwa majaribio tu, sijaifuta. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Mwalimu akahesabu pumzi, kinyozi akahesabu pumzi, joka likafa mapema. Nilipouliza wameonaje, mama wa vitambaa akafunga pochi yake akasema, "Mwanangu, tumeshinda, lakini mbona nimechoka kama nilikuwa foleni ya benki?" Kinyozi akasema wiki ijayo huenda asije, ana wateja. Jumamosi jioni huyu hana mteja hata mmoja.

Kwa hiyo nauliza. Ulipoitunga ile sheria ulikuwa unawaza nini? Siku zote nilidhani ni utani.

Wifi yako


Tarehe 30 Aprili

Wifi,

Hamjambo wote? Sijapata jibu. Nimewaza labda barua imepotea, labda mnaumwa, labda umekasirishwa na yale majaribio.

Sheria yako nimeirudisha. Kinyozi alikuja, tena wa kwanza. Mama wa vitambaa alimkubalia mwalimu aruke ukuta kwa sharti aache kumwita bibi. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kugonga. Lakini bado sijui kwa nini inafanya kazi, na unanijua, jambo nisilolielewa halinipi usingizi.

Niandikie hata neno moja. Hata tusi.

Wifi yako


Tarehe 12 Mei

Wifi yangu,

Hakuna aliyeumwa, nalisema hilo kwanza ili utulie. Jibu nilikuwa nalo tangu siku niliyopata barua yako. Nilichokosa ni namna ya kulisema bila kugombana.

Haukuwa utani. Bwenini ulikuwa ukianza kucheza unaingia kichwani mwako na kufunga mlango. Unawasha moto, unavuka mto, unaua majitu, na mimi nimeshika dadu nakutazama kama mtu anayengoja lifti iliyojaa. Nikatunga sheria ili kabla hujafanya lolote ulazimike kugeuka na kuniuliza. Basi, hakuna siri nyingine.

Halafu nikaolewa na kaka yako. Mimi nilihesabu nimepata wifi juu ya rafiki. Wewe ukaamua, humohumo kichwani, kwamba kaka amekunyang'anya mchezaji wako, ukanyamaza. Hukuniuliza kama nimeacha kucheza. Sikuacha.

Unaweza kuifuta sasa. Umepata watu wa kukubishia, huihitaji tena.

Wifi yako


Tarehe 20 Mei

Wifi,

Salamu za safari hii ni fupi kwa sababu nina haraka ya kukujibu. Wazima sote.

Barua yako niliisoma nimesimama kaunta. Mteja aliyekuwa anangoja nakala zake nikampa za mtu mwingine, akaondoka na cheti cha kuzaliwa cha mtoto asiyemjua. Tumempata.

Siifuti. Ni kweli nilikunyamazia, na ni kweli sikuuliza. Sasa nauliza: unacheza na nani huko? Nina likizo ya wiki moja mwezi Juni. Naweza kuja? Ukisema hapana nitaelewa, ila nitaelewa vibaya.

Wifi yako


Tarehe 28 Mei

Wifi yangu,

Njoo. Godoro kaka yako ameshalitoa juani, na tangu asubuhi analipiga kama limemwibia.

Tunacheza kila Jumatano: bosi wangu, kaka yako, na mimi. Ndiyo, kaka yako. Mchezoni yeye ni jitu lenye upole na halijui kusoma ramani. Mwendesha mchezo ni mimi, na kwangu hakuna kuhesabu pumzi. Anayetaka kufanya la ajabu anaeleza, na mezani tukiamini, limetokea. Bosi haamini mtu. Najua itakuuma, uumie kimyakimya.

Mhusika wako nimeshamwandaa. Ni mfua nguo wa jeshi, ngazi ya chini kabisa, hana nguvu yoyote na anaogopa farasi. Kanuni zako ziache huko huko. Begi nitalipekua mlangoni.

Wifi yako, mwendesha mchezo