Mgawanyo wa Kompyuta ya Marehemu Dereva

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: ninafahamika kama Mama Betri. Umri: miaka 51. Kazi: fundi wa kompyuta. Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yangu, mkabala na kiwanda cha matofali.

Ninaeleza kwa hiari yangu. Marehemu, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, alikuwa mteja wangu wa miaka mingi. Mwaka jana alinunua kwangu kipaza sauti kidogo. Alisema anataka kuwasimulia wanawe habari za mama yao, aliyefariki binti akiwa na miezi mitatu, maana akiwatazama usoni mdomo unakuwa mzito. Alirekodi faili arobaini na moja, zote kwenye kompyuta yake.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa tatu asubuhi, mwanawe wa kiume alileta kompyuta hiyo. Alisema yeye na dada yake wameirithi na hawasemezani tangu mazishi. Yeye ni mchapaji wa kadi, anataka Windows. Dada yake anasomea kuandika programu, anataka Linux. Nilimwambia mifumo miwili ya kuendesha kompyuta inakaa kwenye diski moja. Ukiwasha inatokea orodha, unachagua wako. Akasema, "Basi ikate katikati, fundi. Asinipunje hata nukta." Nilicheka. Nimegawa diski nyingi, lakini mirathi ilikuwa mara ya kwanza.

Diski ilikuwa ndogo. Ili kupata nusu mbili ilibidi nifute kila kitu nianze upya. Nikamuuliza sauti za mzee ziko wapi. Akajibu, "Dada anazo. Si ndiye alikuwa kipenzi chake?" Saa nane mchana nilimpigia binti simu. Akajibu, "Kaka kazinakili zamani, mama. Yule haachi kitu." Nami nikajiambia, basi wote wawili wanazo. Nikahesabu nakala mbili. Haikuwepo hata moja.

Saa kumi kasoro robo nilibonyeza kufuta. Ilichukua dakika moja na kitu.

Tarehe 6, saa nne asubuhi, wote wawili walifika karakanani. Niliwasha. Orodha ikatokea, mstari wa kaka juu, wa dada chini. Binti akaniambia bila kumtazama kaka yake, "Nimekuja na flashi. Anipe sauti za baba." Kaka akasema, "Nikupe mimi? Si unazo wewe?" Wote wawili wakanigeukia. Afande, sura zile sitazisahau. Niliwaambia nimefuta.

Binti alisema, "Mama yetu hakuacha hata picha." Kaka akajibu, "Ungekuwa unapokea simu zangu, yasingetokea haya." Hapo binti aliinua kompyuta kwa mikono miwili akampiga nayo. Niliona damu juu ya sikio. Sikumwona kaka akirudisha pigo. Alikaa sakafuni akaanza kuokota vipande vya kioo.

Wa kukasirikiwa ni mimi. Sikuwauliza wakiwa wamesimama pamoja, na kuwauliza kungechukua muda mfupi kuliko kufuta. Diski ilipona, nimehangaika nayo siku tatu. Nimeokoa sekunde tisa tu: mzee anakohoa, anauliza, "Hii inarekodi?" Ninaziwasilisha hapa. Nina uchungu, afande, na hilo pia liandike.

Maelezo yangu yanaishia hapo. Nimesomewa, na ni ya kweli.

Sahihi: Mama Betri

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, tarehe 9, saa tano na dakika kumi asubuhi. Kaka, ambaye ni mlalamikaji, na dada, ambaye ni mtuhumiwa, waliomba kusikia sauti iliyowasilishwa. Wameisikiliza mara sita, wameketi benchi moja. Dada alimuuliza kaka anakumbuka nini kuhusu mama yao. Alijibu, "Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka miguu yake tu." Dada akasema, "Ilikuwaje, hiyo miguu?" Ninapotia sahihi, bado anamweleza.