Chupa ya Kupeleka Dar

Mohoro, 9 Februari 2003

Kwa mwanangu Ashura,

Assalaam aleikum. Baridi ya huko inakuachaje? Sisi jua linatuchoma vizuri tu na afya tunazo, isipokuwa hili nitakalokueleza. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kulia, maana nakujua.

Mama yako alikuwa na uvimbe. Ulikuwa mahali ambapo baba hamwandikii binti yake, kwa hiyo elewa. Kumbe alikuwa nao tangu mfungo wa mwaka juzi, akiuficha chini ya kanga kama mtu aliyeiba embe. Tulivuka mto pale Ndundu mpaka Mchukwi, hospitali ya misheni, na daktari akautoa. Ulikuwa na ukubwa wa kungumanga. Alilazwa wiki moja, sasa yuko nyumbani, anakula, na ameshaanza kunisimanga kwamba siku alizokuwa hayupo sufuria zote niliziunguza.

Daktari alinikabidhi ile nyama ndani ya chupa yenye dawa, pamoja na barua, ipelekwe maabara Dar es Salaam ikapimwe kama ni saratani ama si saratani. Ndivyo wanavyofanya, ndugu wa mgonjwa ndiye anayebeba. Chupa nimeishughulikia, usiwe na wasiwasi.

Mama yako anasema uvae soksi mbili mbili.

Ni mimi baba yako,
Mwinjuma Abdala

*

Ufini, 4 Machi 2003

Shikamoo baba. Barua yako imenikuta mzima wa mwili, ila roho imenitoka mbio. Nililia kabla sijafika mwisho, unisamehe. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie soksi ninavaa tatu.

Baba, wewe huwaambia watu kwamba ninasomea udaktari wa vitu vidogo. Leo nikueleze hivyo vitu. Ninachunguza seli za saratani. Nikiitazama moja kwa hadubini, haina ngozi laini. Ina vidole vyembamba mno vilivyochomoza pande zote. Na inatengeneza sukari. Si hii ya chai, usije ukamnyima mama chai! Ni vipande vya sukari vilivyoungwa kimoja kwa kingine mpaka vikawa uzi mrefu, na uzi huo ukinywa maji unakuwa ute. Sote tunao mwilini, hata magoti yako unayalainisha, lakini baadhi ya saratani huutengeneza bila kipimo. Nikimwaga chembe za damu ya kondoo, zinaishia pembeni, haziwezi kuigusa seli. Nikiuyeyusha ule ute, na vidole vinanywea. Hatujajua yote, ila mwalimu wangu anaamini ute na vidole hivyo vinaisaidia seli kuteleza, kama kambale anavyochopoka mkononi. Inatoka ilipozaliwa inakwenda kukaa kwingine, kwapani au mapafuni.

Kwa hiyo kuutoa uvimbe hakutoshi, baba. Lazima tujue ulikuwa nini, mama apate tiba mapema. Majibu huchukua wiki tatu hadi sita. Yametoka?

Mwanao akupendaye,
Ashura

*

Mohoro, 30 Machi 2003

Kwa mwanangu Ashura,

Marahaba. Tumefurahi kwamba u mzima. Mama yako nimemsomea barua yote, na ule ute nimemsomea mara mbili. Amesema kumbe ugonjwa nao unajipaka mafuta.

Mpunga umezaa, na viboko nao wameshapata habari. Tunashinda dunguni kufukuza ndege. Nguzo za daraja Ndundu zimesimama, Wajapani na Wachina sijui, mimi nawaita wote mafundi. Dukani kwa Zaverchand siku hizi kuna kila kitu, hata maji ya kunywa yanauzwa ndani ya chupa, hapa penye mto mzima.

Majibu ya Dar yana foleni.

Nami nina swali. Hizo seli unazozimwagia damu ya kondoo ni za nani? Zilitoka kwa mtu? Huyo mtu yuko wapi, naye anajua?

Baba yako,
Mwinjuma

*

Ufini, 22 Aprili 2003

Shikamoo baba. Natumaini mpunga mmeuwahi kabla ya viboko. Mimi mzima, theluji inayeyuka.

Nakujibu swali lako. Zilitoka kwa mwanamke aliyekuwa na ugonjwa huu huu. Alifariki zamani, nchi nyingine kabisa, na seli zake zikaendelea kukua ndani ya vyombo, zikagawanywa maabara za dunia nzima. Juu ya chombo tumeandika herufi na namba. Jina lake silijui, baba. Miaka miwili ninamshika kila siku na sikuwahi kuuliza. Siku niliyosoma barua yako sikufanya kazi yoyote ya maana.

Sasa na mimi nina swali. Nilimwandikia Johari, yule niliyesoma naye Tambaza, ambaye siku hizi yuko maabara ya Dar. Amepekua daftari lao lote tangu Januari. Hakuna Mwanamina binti Dadi. Hakuna chupa yoyote iliyotoka Mchukwi kwa jina hilo.

Baba, chupa iko wapi?

Mwanao,
Ashura

*

Ufini, 1 Juni 2003

Shikamoo baba. Hapana barua yako wiki ya sita sasa. Kama mama amezidiwa niambie. Kama chupa ilipotea niambie pia, kupotea kunaweza kumpata yeyote. Ninachoshindwa ni kunyamaziwa.

Ashura wako

*

Mohoro, 13 Juni 2003

Kwa mwanangu Ashura,

Assalaam aleikum. Mama yako hajazidiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nashindwa kushika kalamu.

Haikupotea. Niliizika.

Siku ile mama yako amelazwa, nilikwenda Kibiti kupanda gari la Dar. Chupa ilikuwa kikapuni, nimeizungushia gazeti. Utingo akaniambia kikapu kiende juu, pamoja na kuku. Nikakataa, nikakipakata. Nikaitazama chupa. Ashura, ile ni nyama ya mama yako. Mjomba wake alipokatwa mguu, tuliuzika mguu siku ile ile, hata kabla hajazinduka. Sijaona tangu nizaliwe kiungo cha mtu kikipelekwa mjini kama samaki, wakikate vipande watu nisiowajua, kisha wakitupe nisikojua. Nikateremka. Nikarudi Mohoro, nikaitoa ile nyama, nikaiosha mpaka harufu ya dawa ikaisha, nikaifunga kwenye bafta, nikaizika nyuma ya nyumba, pale tulipozika kondo la nyuma ulipozaliwa wewe.

Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema msikitini. Nyingine ni kwamba niliogopa. Niliona jibu lisilotoka haliwezi kumuua mtu.

Jana nimemwambia mama yako. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipojua nimemkosea.

Yule mwanamke wako asiye na jina nimemwombea. Dini yake Mungu anaijua.

Baba yako,
Mwinjuma

*

Ufini, 6 Julai 2003

Shikamoo baba.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka siku nne kwa hasira. Bado ninazo, nakwambia kweli. Ungeniambia Februari tungejua la kufanya Februari. Miezi mitano, baba! Ningekuwa hapo ningepiga kelele mpaka Ikwiriri wasikie.

Lakini kuhusu ule mguu una haki. Na nilipokwenda kazini nikashika chombo chenye namba, nikaona haya. Kwa hiyo sikulaumu kuzika. Nakulaumu kunificha.

Usifukue, haitasaidia kitu. Mwambie mama ajipapase kwapani, upande ule ule. Akikuta hata punje, mrudi kwa daktari. Kama itakatwa nyama nyingine, mpimaji anahitaji kipande kidogo kuliko ukucha. Kilichobaki mtarudishiwa mkizike, nimeshamwandikia Johari na amekubali kukusimamia. Muulize mama mwenyewe anataka nini. Hakuna aliyemuuliza, si wewe wala mimi.

Ninaogopa pia, baba. Ninazijua hizi seli.

Mwanao,
Ashura

*

Dar es Salaam, 19 Agosti 2003

Kwa mwanangu Ashura,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, usishangae mwandiko. Mama yako yuko ndani, anakusalimu sana.

Alijipapasa, akakuta punje mbili. Nilimuuliza kama ulivyosema. Akajibu, "Umeoa miaka thelathini na nne ndiyo leo unaniuliza?" Kisha akasema anataka kujua, hata kama ni baya, kwa sababu ni mwili wake na amechoka kuwa wa mwisho kupata habari zake. Daktari akakata. Chupa niliileta mwenyewe, kwenye mapaja yangu, gari zima likinitazama. Johari akataka kuandika namba. Nikamwomba aandike na jina, akaandika mbele yangu: Mwanamina binti Dadi, Mohoro. Sikuondoka mpaka wino ulipokauka.

Ni saratani, mwanangu. Nimeliandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla sijaliandika hapa. Wanasema haijafika mapafuni, kwa picha waliyopiga. Kesho asubuhi wanaliondoa ziwa. Ndiyo, nimeandika ziwa, wewe si mtoto tena. Baadaye atachomwa mionzi. Kama nisingezika ile ya kwanza, pengine zile punje za kwapani zisingekuwepo. Daktari alisema hawezi kujua. Mimi nitaishi na hilo, na usiniambie nisahau.

Ziwa watanikabidhi, wakishachukua kipande chao. Mama yako ameniagiza nilizike pale pale, na amesema safari hii atakuwepo. Nikamwambia wanawake hawaendi kuzika. Akasema, "Mwinjuma, wanawake hawaendi kuzika watu. Hili ni langu, lilimnyonyesha Ashura, nitasimama hapo nikuone unavyochimba." Muuguzi akacheka, na mama yako naye akacheka, nami nikatoka nje nikidai nakwenda kununua maji.

Ninaogopa kama siku ile ya Kibiti. Ila sijateremka kwenye gari.

Baba yako,
Mwinjuma Abdala