Walioomba Moto Tu

Mama,

"Njaa haipo. Nimekaa wiki nzima mlangoni pa ghala na hakuna hata mmoja aliyeomba chakula."

Maneno hayo ni ya Bwana Mshauri, aliyeletwa kutoka mjini kutufundisha soko huria. Yamepigwa taipu na kugongwa muhuri. Kwa ajili ya maneno hayo kamati inakaa Jumamosi kuamua kama ghala la kijiji lililo uani kwetu, ulilolitunza mpaka unakufa, likodishwe kwa mfanyabiashara wa Kibaigwa, na mtama uliomo uuzwe.

Wiki hiyo mimi nilikuwa Kondoa, kwenye kikao cha maghala yetu matano yanayosaidiana. Niliporudi nikamuuliza: kina mama waliofika hapa walitaka nini? Akafungua daftari lake. "Waliomba moto. Inaonekana viberiti ni haba." Na chini yake ameshauri duka la kijiji liongezewe viberiti!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kicheko kikanikauka nilipomwona Mwenyekiti wetu akitikisa kichwa kukubali. Mgeni hajui, tumsamehe ugeni wake. Lakini huyu, aliyekuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda? Mama yake mzazi alisimama uani kwetu mara ngapi na kigae mkononi? "Mama Yohana, nisaidie moto." Na wewe: "Moto upo, mwenzangu. Kikapu umekiacha wapi?" Kigae kikapata kaa, kikapu kikapata mtama, naye akarudi kwake akiwa ameomba moto tu. Kwetu mtu mzima hataji njaa yake, na Mwenyekiti analijua hilo kuliko mimi. Ila sasa anakaa kiti cha mbele kwenye semina.

Na mbele ya bwana mwenye daftari, nani angeleta kikapu? Wiki nzima walichukua kaa la moto wakaenda kuliweka chini ya chungu cha maji matupu. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwapelekea mtama. Kwa Mama Yoeli watoto walikuwa wamelala mchana, kimya, kama wagonjwa.

Tangu tukuzike, magari ya Kibaigwa yanaingia mpaka uwanja wa shule. Madalali wanashindilia gunia mpaka linaota kichwa, wanakishona kichwa nacho, kisha wanaapa kwamba hilo ni gunia moja. Lumbesa hiyo ndiyo tunaambiwa itatulisha! Itabeba mtama wetu wakati wa mavuno, iturudishie kiangazi kwa bei ya kutuumbua. Wewe ulijaza debe ukapitisha ubao juu, anayechukua na anayerudisha sawasawa. Nilipoanza kukuhutubia juu ya vitabu vyangu vya ushirika ulinikatiza: "Yohana, shika ubao."

Mshauri anasema maghala yanalea uvivu. Wavivu! Watu waliopanda mara mbili baada ya mvua ya kwanza kuwadanganya! Mwaka tuliokosa kabisa, wenzetu wa Kondoa walishusha magunia hapa kabla hatujapeleka ombi. Ulipotaka kushukuru, shehe wao alikuzuia: "Mama, mwaka ule mlileta ninyi. Tuonyeshe pa kushushia." Soko lake lina mtu wa namna hiyo?

Kuna jambo sijamwambia yeyote. Siku ya matanga yako, Mama Yoeli alibaki nyuma ya wengine. Akaniambia, "Yohana, sasa moto tutaomba kwa nani?" Mimi nikaingiza mkono mfukoni, nikampa kiberiti. Alikipokea kwa mikono miwili. Akashukuru, akaenda.

Nisamehe, Mama. Vitabu vyote vile, nikampa kiberiti.

Pumzika. Ufunguo ninao mimi na sitautoa. Jiko la uani linawaka kutwa, na kando yake nimeweka vikapu, ili asiyekuja na chake asilazimike kusema neno.

Jumamosi nitaisoma barua hii mbele ya kamati. Wajumbe, kabla hamjanyoosha mikono kulikodisha ghala, kila mmoja asimame ataje kilichomleta mama yake uani kwetu. Mwenyekiti, anza wewe.

Mwanao,
Yohana