Dekoda Mpya Haina Goma

Alhamisi

Picha yake ni safi, sikatai. Dekoda mpya inaishinda ile ya zamani kwa kila kitu: mipira ni mingi, mvua ikinyesha haikatiki, na malipo ya mwezi ni nafuu. Jana nilijisifu mbele ya mama. Bon, ile ya zamani nikampa jirani.

Leo saa kumi na mbili na nusu jioni mama akavuta kiti chake kama kawaida. "Weka Goma."

Nikatafuta. Chaneli zote hizo, ile ya Goma hamna.

"Sasa majina ya bale bamekufa nitasikia wapi?"

Tangu simu ya mjomba Yozefu iache kupatikana kule Goma, mama anasikiliza matangazo ya vifo kila jioni. Wakimaliza bila kumtaja kaka yake, anasema, "Iko muzima," halafu anakula.

Leo hakula. Sahani ilipoa mbele ya mpira wa Wazungu.

Nilidhani mi siyasikilizi yale majina. Huwa niko na simu mkononi, najifanya nina shughuli. Kumbe jioni nzima nimekuwa nikipiga namba ya mjomba, na mpaka sasa...

Kesho asubuhi naenda kwa jirani kumwomba dekoda yangu mbovu. Nitaona haya, lakini naenda. Sauti ya dekoda ile inakwaruza, donc huwa tunanyamaza wote tusikie vizuri.

Jioni hii majina yamesomwa, na sisi hatukuwepo.