Eda Iliyonipita

Kuze, Mombasa

Mamangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Vipi magoti yako, na vipi baba na kifua chake? Natumai baridi ya kusi imewaachia mlale huko Siyu. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo umechoka. Najua utauliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Kila nikikupigia nalia kabla hujaitikia, na haya nataka uyapate yote.

Mama, Athmani wangu amekufa.

Unajua tulivyokuwa. Tangu kambi yao iliposhambuliwa kule ng'ambo ya mpaka, miezi saba sasa, jeshi lilituambia hajulikani alipo. Mama mkwe akalishika neno hilo. Kutojulikana si kufa, alisema, na humu ndani asitaje mtu hitima. Nami nikaishi kama mke anayemngoja mumewe. Kila Alhamisi nilijifukiza udi, nikapaka wanja, nikabadilisha shuka. Wako walioniona sina haya. Mimi niliona nikiacha siku moja tu nitakuwa nimemuua.

Wiki iliyopita afisa mmoja akampigia mama mkwe simu. Akamwambia Athmani ametunukiwa nishani ya ushujaa, na kwamba mwenzake anakuja kutueleza mengine. Mama mkwe hakungoja hayo mengine. Alipiga kigelegele mpaka wenye duka la chini wakatoka nje. "Nishani hupawa aliye hai!" akasema. "Maiti ataivaa wapi?" Na mimi nikaamini. Nilicheka peke yangu jikoni, maana shujaa mwenyewe unamjua, akiona mende chooni ananiita mimi. Hata alipokuwa akipakua magunia Shimanzi, kabla ya jeshi, wenzake walimtania kwa kuogopa panya.

Kesho yake alasiri nyumba ilijaa. Halua, kahawa, wanawake wa mtaa mzima. Hapo Bakari akabisha hodi. Ni kijana wa Likoni aliyekuwa kikosi kimoja na Athmani. Alikuwa amevuka Feri kwa magongo, mguu mmoja hana. Alisimama mlangoni akazitazama zile sinia za halua, akaanza kulia.

"Karibu mwanangu, ndoo ndani uketi," mama mkwe akamwambia. "Mwenzio yuwaja lini?"

"Mama, kwani hamkwambiwa?"

Akatueleza. Kambi ilikuwa ikiwaka. Athmani alimbeba Bakari mgongoni hadi handakini, akarudi akamtoa mwingine, akarudi tena kwa wa tatu. Huyo wa tatu hakufika naye. Bakari alimwona akipigwa risasi, akamwona akianguka, kisha paa likawaporomokea wote wawili. Muda wote huu Bakari alikuwa hospitalini, mwanzo hana fahamu, baadaye hana sauti. Alipopata kusema ndipo jeshi lilipojua, na nishani ikatoka.

"Sikufichi, dada," akaniambia. "Alikuwa akitetemeka. Alitetemeka na akarudi."

Hapo nikajua ni Athmani kweli anayemsema, si mtu mwingine.

Siku ya pili tukasoma hitima. Nilishavua bangili na kutoa nguo nyeupe ili nikae eda, na hata hilo lilinipa nafuu kidogo, kwamba lipo jambo la kumfanyia mume wangu. Mwalimu wa madrasa yetu, aliyekuja kusoma, akauliza Athmani alikufa siku gani. Bakari akaitaja. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari," akasema. "Miezi minne na siku kumi imeshapita. Bi Zainabu hana eda."

Yaani, mama, eda yangu niliimaliza nikinukia udi. Nilikuwa mjane na wanja machoni, sijui. Uchungu wake siwezi kukueleza. Watu wakawa wananipa mkono wa tanzia na papo hapo wananiambia niko huru, nirudi kwetu, bado kijana. Nilitamani kuwafukuza wote.

Mama mkwe hakutoa chozi Bakari aliposimulia. Alilia hapo, kwa sauti, mbele ya watu. "Hata hiyo miezi minne sipawi? Nami nalidhani ntaketi naye!" Nikamfahamu. Eda ingeniweka humu pamoja naye. Mtoto mwingine hana, na mumewe alishatangulia. Sasa hakuna kinachonifunga kwake.

Basi, mama, usinitarajie Idi hii kama tulivyopanga. Najua ulishanitengenezea chumba. Eda sina, lakini nitakaa. Naomba radhi yako, maana bila hiyo sitatulia.

Nisalimie baba, na dada Rukia na kichanga chake nisichokiona bado. Ami Shee, fundi wetu wa ngozi, mwambie yale makubadhi aliyomshonea Athmani yako pale pale mlangoni, hakuna aliyeweza kuyaondoa.

Mama mkwe yuko kando yangu hapa. Kaniuliza nakuandikia nini, nikamwambia nakuomba ruhusa nibaki.

"Mwambie mamako," akasema, "mwana wake ntamtunza."

Mwanao,
Zainabu